Fundi wa Anwani Zilizohama

Kazi yenyewe, ukiiona imeandikwa, haijazi hata mstari mmoja. Kwenye seva ya Apache ni neno Redirect, namba 301, njia ya zamani, kisha anwani mpya. Basi. Yeyote anaweza kuunakili mstari huo kwa mwenzake asubuhi, na jioni akajiita fundi. Pengine ndiyo sababu kazi hii haisifiwi: ikifanywa vizuri hakuna anayeiona, ikifanywa vibaya lawama humwangukia mwenye tovuti, au mtandao, au simu ya mtu isiyo na kosa lolote.

Nataka kuisifu. Nimeitazama ikifanywa hapa Pongwe, Tanga, na binti mmoja ambaye chumba chake cha kazi kiko kando ya barabara iendayo Muheza, malori ya kokoto na saruji yakipita nje mchana kutwa. Kadiri nilivyozidi kumtazama ndivyo nilivyoona kwamba ule mstari ni sehemu ndogo kuliko zote. Ufundi uko kabla yake na baada yake.

Kinachotokea ni hiki. Mtu akibofya kiungo, kivinjari chake hupeleka ombi kwa seva: nipe ukurasa ulio kwenye njia fulani. Kabla ya kutoa chochote, seva hujibu kwa namba yenye tarakimu tatu. 200, upo, huu hapa. 404, sijauona. Namba zinazoanza na 3 ni za kumwambia aliyeomba aende kwingine, na pamoja na namba huja mstari unaotaja huko kwingine ni wapi. Kivinjari kikiupokea hakimuulizi mtu. Kinageuka palepale na kuomba upya kwenye anwani mpya. Mwenye duka pale Ngamiani akihama kutoka barabara ya nane kwenda ya kumi na nne hubandika kibao mlangoni, na mteja akishakisoma inambidi atembee mwenyewe. Huku mteja anabebwa, na mara nyingi hajui kwamba amebebwa.

Kazi niliyoifuatilia ilikuwa ya shule moja ya binafsi humu mkoani. Tovuti yake kwa miaka mingi ilikaa kwenye kikoa cha .com. Sasa shule imepata kikoa chenye mwisho wa .sc.tz, uliotengwa kwa ajili ya shule za hapa nchini, na tovuti imejengwa upya kutoka chini. Mwalimu mkuu, mzee mtaratibu, alikuja mwenyewe kuikabidhi kazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hii ni kazi ya dakika kumi."

"Kuandika ni dakika kumi, mwalimu. Naomba kwanza uniambie, hii anwani ya zamani mmempa nani na nani?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja. Iko chini ya fomu za kujiunga, kila mwaka. Iko kwenye bango la barabarani. Kwenye kalenda za ukutani ambazo wazazi hawazitupi kwa sababu zina picha za watoto wao. Kwenye tangazo lililowahi kutoka gazetini. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Pangani, Lushoto na Pemba, na ya wanafunzi wa zamani, wengine wako Muscat. Alipomaliza alikuwa ameshaelewa bila kuhubiriwa. Anwani ile ilisajiliwa kwa jina la shule, lakini ilikuwa imeshagawiwa kwa watu ambao shule haiwezi kuwafikia wote ikawaambia tumehama.

Hapo ndipo ninapoupata moyo wa ufundi huu. Anayeelekeza anwani upya anawafanyia kazi watu asiowajua, kwa niaba ya mtu aliyewaahidi kitu bila kukumbuka kwamba aliahidi. Mengine yote aliyoyafanya binti yule yalitoka katika kuitazama kazi hivyo.

Alianza kwa kukusanya anwani za zamani, na alizitafuta mahali pengi kwa sababu hakuna mahali pamoja panapozijua zote. Mfumo wa tovuti ya zamani ulimpa orodha ya kurasa zilizopo. Google ilimpa kurasa zinazojulikana nje. Hazina ya Internet Archive ya San Francisco, inayohifadhi nakala za kurasa tangu 1996 na ambayo tangu 2001 yeyote anaweza kuipekua, ilimpa kurasa ambazo shule yenyewe ilizifuta na kuzisahau. Lakini chanzo alichokiheshimu kuliko vyote kilikuwa logi za seva, yaani mafaili ambamo seva huandika kila ombi lililowahi kuifikia: saa, njia iliyoombwa, namba iliyojibiwa, na mara nyingine ukurasa alikotokea mwombaji. Mwenye tovuti husema watu wanachokitaka kwa kukisia. Logi husema walichokiomba.

Na waliyokuwa wakiyaomba hayakuwa yale ambayo mwalimu angeyataja. Ukurasa wa mwanzo, wenye picha ya jengo na salamu za mkuu wa shule, haukuongoza. Lililoongoza ni faili la PDF la fomu ya kujiunga ya miaka mingi iliyopita. Mtu mmoja aliwahi kulituma kwenye kundi fulani, na tangu hapo limekuwa likirushwa kutoka simu hadi simu kila msimu wa kidato cha kwanza. Jina lake lilikuwa kama majina ya mafaili yetu mengi yalivyo: herufi kubwa tupu na nafasi kati ya maneno, FOMU YA KUJIUNGA. Jina la namna hiyo lina adha zake. Kivinjari hakipendi nafasi katika anwani, huzigeuza kuwa alama ya asilimia na 20. Mtu akiiandika anwani kwa mkono na kuacha nafasi kama zilivyo, WhatsApp huishia kwenye nafasi ya kwanza. Kinachobofyeka ni FOMU tu, na hayo mengine hubaki maandishi ya kawaida.

Kwenye logi maombi hayo yaliyokatika yalikuwapo, mengi, kila moja limejibiwa 404. Wazazi walibofya, wakaambiwa hakuna, wakaenda zao. Binti aliandika mstari wa faili zima, kisha akaandika mwingine wa FOMU iliyokatika. Akaandika na wa anwani iliyogandwa na nukta mwishoni kwa sababu mtu aliimalizia sentensi yake hapo, na wa iliyobeba mabano ya kufungia. Hakuna kitabu kinachomwagiza fundi afanye hivyo. Ni macho tu, na kukataa kuamini kwamba aliyekosea herufi amejitakia.

Kulikuwa pia na suala la herufi kubwa na ndogo, ambalo huwapita wengi. Seva ya zamani ilikuwa ya Windows, nayo haijali: Fomu.pdf na fomu.pdf kwake ni kitu kimoja. Seva mpya ni ya Linux, na kwake hayo ni majina mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo anwani zilizofanya kazi miaka yote, zilizochapwa hivi na vile kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuwa makini, zingekufa siku moja bila mtu kuzigusa. Alitengeneza kanuni ya kugeuza herufi zote kuwa ndogo kabla ya kulinganisha. Kisha akakagua moja moja zile ambazo kanuni ingezichanganya.

Baada ya kukusanya ndipo akaandaa jedwali la safu mbili, anwani ya zamani kushoto na mpya kulia. Hapa kuna njia ya mkato ambayo nimeiona mara nyingi kwenye tovuti za hapa kwetu: kuchukua anwani zote za zamani, hata ziwe mia tano, na kuzimwaga kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti mpya. Inaonekana kama ukarimu, karibuni nyote. Kwangu huo ni uvivu. Mtu aliyetafuta ada za bweni anatupwa kwenye picha ya jengo, aanze kutafuta upya, na hajaambiwa kama alichokitaka bado kipo. Google yenyewe huzitazama nyingi za namna hiyo kama 404 iliyojificha. Binti yule alimpeleka kila mmoja kwenye kitu chake: habari ya mahafali kwenye habari ileile, ratiba kwenye ratiba.

Pale ambapo kitu hakikuwa na mwenzake, alifikiri. Ile fomu ya zamani, kwa mfano. Mzazi wa leo anayeibofya haitaki fomu ya miaka hiyo, anataka ya mwaka huu. Lakini kuna anayeitaka ya zamani kweli, pengine kwa sababu ya kumbukumbu za mtoto aliyemaliza. Kwa hiyo hakuielekeza kwenye faili lolote. Aliomba utengenezwe ukurasa mmoja wenye fomu ya mwaka huu juu na za zamani chini yake mwaka kwa mwaka, akaielekeza huko. Ilimchukua mwalimu siku kadhaa kuzipata hizo za zamani kabatini na kuzipiga skani. Alizipata.

Na vilikuwapo vitu vilivyoondolewa kwa makusudi, kama orodha moja yenye majina ya watoto na namba za simu za wazazi, ambayo haikupaswa kuwekwa hadharani hata siku ya kwanza. Hiyo hakuielekeza popote. Aliipa 410, namba inayosema kilikuwapo, kimeondolewa, msikitafute tena. Watu wengi hawajui kwamba namba hiyo ipo. 404 humwacha mwombaji na shaka na huirudisha mitambo ya Google tena na tena kuja kuchungulia. 410 inafunga shauri. Kujua kipi kisielekezwe ni sehemu ya kazi hii sawa na kujua kipi kielekezwe.

Namba hizi si za jana. Waraka wa HTTP/1.0, yaani kanuni za mazungumzo ya kivinjari na seva, wa Mei 1996, ulioandikwa na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk, tayari ulikuwa na 301 kwa kilichohama moja kwa moja na 302 kwa kilichohama kwa muda. Tofauti hiyo inaonekana ya maneno tu mpaka ikuumize. 301 ni kauli ya kudumu, na vivinjari huichukulia hivyo: huihifadhi, na safari nyingine havirudi kuuliza seva ya zamani, vinakwenda moja kwa moja. Ukikosea ukaiandika 301 kuelekea mahali pasipo, kisha ukairekebisha kwenye seva, simu zilizokwisha kuipokea zinaweza kuendelea na kosa lako kwa muda mrefu, nawe huna mkono wa kuzifikia. Ndiyo maana binti alianza kwa 302 kila mahali. Alipima kila mstari kwa curl, programu ndogo iliyoanza kutolewa na Daniel Stenberg wa Sweden mwaka 1998, inayoweza kuonyesha jibu la seva peke yake bila kupakua ukurasa. Alipohakikisha kwamba jedwali zima linajibu ipasavyo ndipo alipobadili 302 kuwa 301. Kati ya hatua hizo mbili alilala usiku mmoja kwa makusudi, ili aisome upya asubuhi kwa macho mengine.

Kuna fundo jingine la miaka ile. Mtu akijaza fomu mtandaoni na kubonyeza tuma, ombi lake hubeba aliyoyajaza. Vivinjari vya zamani vilipokutana na 301 au 302 vilizoea kuliacha lile lililobebwa na kwenda anwani mpya mikono mitupu, na mazoea hayo yaliota mizizi kiasi kwamba waandishi wa kanuni hawakuweza tena kuyakataza. Wakaongeza namba mpya zisizo na utata: 307 kwa muda, katika waraka wa 1999, na 308 kwa kudumu, iliyopata waraka wake kamili mwaka 2015. Kwenye tovuti ya shule ilikuwapo njia moja tu ya namna hiyo, fomu ya maombi ya nafasi. Mzazi ambaye ameufungua ukurasa kabla ya kuhama, akajaza polepole huku bando likikatika na kurudi, akatuma baada ya kuhama, angepoteza kila kitu bila kuambiwa. Watu wa hivyo huenda wasizidi wawili watatu. Njia hiyo moja binti aliipa 308.

Sehemu niliyoifurahia zaidi inahusu alama ya reli. Anwani nyingine huishia na alama hiyo na neno, kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye kifungu fulani ndani ya ukurasa mrefu. Kipande hicho seva haikioni kamwe; kivinjari hukibakiza chenyewe. Lakini seva ikimwelekeza mtu kwingine bila kutaja kipande kipya, kivinjari hukichukua kile cha zamani na kukibandika kwenye anwani mpya. Kwa hiyo mtu aliyetunza kiungo cha ada kilichoishia na alama ya reli na neno bweni atafika kwenye kifungu cha bweni cha ukurasa mpya, ilimradi ukurasa mpya una kifungu chenye jina hilohilo. Fundi wa tovuti mpya alikuwa amekiita kwa jina jingine. Binti alimwomba akirudishie la zamani. Hakuna logi ambayo ingemwonyesha kosa hilo, maana kipande kile hakifiki kwenye seva. Lilihitaji mtu anayejua kwamba lipo.

Pongwe ina shule ya msingi inayofahamika kwa kupokea watoto wasioona, na nadhani kufanya kazi jirani nayo kumemfundisha kitu. Kuna namna ya kuelekeza ambayo haihitaji seva kabisa: unauacha ukurasa wa zamani ulipo, unaandika "tumehama, utapelekwa baada ya sekunde tano", kisha ukurasa unajigeuza wenyewe. Kwa anayeona ni usumbufu mdogo. Asiyeona husomewa ukurasa kwa sauti na programu kama NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na inayotolewa bure, ikiwa na sauti ya eSpeak inayosoma hata Kiswahili. Sekunde tano hazitoshi kumalizia sentensi. Anakatwa katikati na kujikuta mahali pengine bila kujua kimetokea nini. Miongozo ya ufikivu ya W3C, chombo cha viwango vya wavuti, ambayo toleo lake la pili lilitoka Desemba 2008, inaihesabu namna hiyo ya kuhesabu sekunde kuwa kasoro na inashauri kuelekeza kufanyike kwenye seva. Binti hajawahi kuutumia ukurasa wa sekunde tano, na hata alipopewa tovuti iliyokaa mahali asipoweza kuigusa seva, aliona heri aihamishe kwanza ndipo aelekeze.

Halafu kuna minyororo. Tovuti ya shule ilikuwa imeshahama mara moja ndani yenyewe, na mistari ya uhamisho ule wa kwanza bado ilikuwapo. Angeongeza yake juu bila kuitazama, mwombaji angetoka A akaenda B, B ingempeleka C, na kwa kuwa tovuti mpya inatumia njia iliyofungwa kwa siri, C ingemrusha tena D. Vivinjari huvumilia; kikomo chao siku hizi ni hatua kama 20 kabla ya kukata tamaa, ingawa nyaraka za mwanzo za HTTP/1.1 zilishauri zisizidi 5. Lakini kila hatua ni safari nzima ya kwenda na kurudi, na hatua inayoingia kikoa kipya hulazimika kwanza kutafuta jina, kufungua muunganisho na kubadilishana funguo. Mwenye laini nzuri mjini hasikii. Aliye mabondeni huko Mkinga na simu yenye kijistari kimoja cha mtandao anasikia sana. Binti alizifumua hatua zote: kila anwani, iwe ya kizazi cha kwanza au cha pili, sasa inafika mwisho kwa mruko mmoja. Akazipanga kanuni zake mahsusi mbele na za jumla nyuma, kwa sababu seva hiyo husoma kutoka juu na hushika ya kwanza inayolingana. Kanuni pana ikitangulia humeza zote zilizo chini yake.

Ufundi huu haungekuwa na kazi nyingi kama anwani zingebuniwa vizuri tangu mwanzo. Berners-Lee aliliandika hilo mwaka 1998 katika waraka mfupi, akishauri kwamba kile kinachoweza kubadilika, kama jina la mwandishi, hali ya waraka au aina ya programu iliyoutengeneza, kisiwekwe ndani ya anwani. Sisi tumeliona kwa macho yetu. Mwaka 2017 mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara zilipata tovuti za mfumo mmoja, hatua ninayoiheshimu sana, na anwani zao ziliundwa kwa jina la mahali pamoja na herufi za hadhi yake: dc kwa wilaya, tc kwa mji, mc kwa manispaa, cc kwa jiji. Tanga, ambayo ni jiji tangu 2005, ikawa tangacc.go.tz, na jirani yake Muheza ikawa muhezadc.go.tz. Tarehe 26 Aprili 2018, sherehe za Muungano, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Siku hiyo ya furaha anwani ya dodomamc.go.tz ilizeeka, na dodomacc.go.tz ikahitajika. Hadhi ilipanda, nayo hadhi ilikuwa imeandikwa mlangoni.

Vivyo hivyo kwa wizara zinazounganishwa na kutenganishwa. Wizara ya Elimu ilipokuwa na Mafunzo ya Ufundi kwenye jina lake ilitumia moevt.go.tz, sasa ni moe.go.tz. Bunge limewahi kujulikana kwa parliament.go.tz na kwa bunge.go.tz, na tanbihi za tasnifu nyingi za sheria na siasa zimejaa anwani ndefu za hansadi na miswada chini ya lile jina la Kiingereza. Tasnifu ikishafungwa jalada hairekebishwi. Kila tanbihi ya aina hiyo inamtegemea mtu fulani mahali fulani anayeitunza mistari ya 301. Kamusi hai ya Kiswahili iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ilijulikana kwanza kwa yale.edu/swahili, baadaye kamusiproject.org, baadaye kamusi.org, na wanafunzi wa lugha yetu duniani kote waliiandika daftarini kwa anwani ya kipindi chao.

Na kuna kuhama ambako hakuna fundi awezaye kukuokoa. Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, herufi za nchi kwenye intaneti zilibadilika kutoka .zr kwenda .cd. Kwa miaka michache zote mbili zilikuwapo. Mwaka 2001 .zr ikafutwa kwenye orodha kuu ya majina ya dunia. Kuanzia hapo hapakuwa na seva ya kujibu 301 kwa jina lolote lililoishia na .zr, kwa sababu hapakuwa tena na njia ya kuifikia seva hiyo. Jina likifa, mistari yote iliyoandikwa nyuma yake hufa nalo.

Hilo ndilo binti alilomweleza mwalimu mwishoni kwa uzito kuliko yote. Mistari ya kuelekeza inaishi kwenye kikoa cha zamani. Kile cha .com kikiachwa bila kulipiwa kitarudi sokoni, na yeyote anaweza kukichukua na kuweka chochote juu yake, na bango la barabarani, kalenda na fomu zitawapeleka wazazi huko. Google hushauri mistari itunzwe angalau mwaka mmoja. Binti anaona mwaka mmoja unaitosha Google; mzazi mwenye kalenda ukutani hautamtosha.

"Sasa tutalipia mpaka lini, mwanangu?"

"Kila mwaka, mwalimu. Mimi nitakuwa nakuletea hesabu ya waliopita kwa anwani ya zamani, uone mwenyewe kama wamekwisha."

Walipoangalia usajili waligundua kwamba kikoa cha zamani kilikuwa kimeandikishwa kwa barua pepe ya mtu aliyewahi kuisaidia shule na ambaye ameshaondoka. Ilibidi atafutwe, akapatikana, akaridhia, na kikoa kikahamishiwa kwa jina la shule pamoja na nywila zake. Jambo hilo lilichukua muda mrefu kuliko mistari yote kwa pamoja. Malipo yake yakaingizwa kwenye bajeti ya shule, chini ya umeme na maji.

Januari, msimu wa kidato cha kwanza ulipoanza, binti alifungua tena logi. Fomu ile ya herufi kubwa ilikuwa bado inaongoza. Maombi ya FOMU iliyokatika yalikuwapo vilevile, na sasa kila moja lilikuwa limejibiwa 301. Chini kidogo alikuta anwani ngeni machoni pake, ya ukurasa wa sare ambao haukuwa kwenye mfumo, wala Google, wala kwenye hazina ya San Francisco. Akampigia mwalimu kuuliza ulikuwa na nini, kisha akaongeza mstari mmoja.